Tuanze na Kinachoua, Ndipo Twende Dukani

Haya ni mazungumzo niliyotoa Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa hapa Nakuru, mbele ya vijana wa kikundi chetu cha matembezi, wazazi wao na majirani waliokuja kusikiliza. Wengi walikuwa mazishini siku hiyo na wameomba niyaandike. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale.

Wazee wetu, akina mama, vijana, hamjambo? Naona hata wale waliokuja kwa ajili ya chai wamekaa mbele. Karibuni sana, chai ipo, lakini itakuja mwisho.

Nimewaambia vijana waje na vifaa vyao, na kweli wamevileta. Kuna huyu hapa ana bangili ya kamba iliyosukwa, na kwenye kifungo chake kuna dira ndogo kama kunde na kijiwe cha kuwashia moto. Kuna yule amekuja na kisu ambacho, mwanangu, ukipanda nacho matatu ya Naivasha abiria wote watashuka. Mmenunua kwa pesa zenu na siwacheki. Ila nataka kuuliza swali moja, na nitalirudia mpaka mchoke. Hapa kwetu, ni nini kinachoua watu?

Dubu hatuna. Theluji ya kumfukia mtu hatuna. Njaa ya porini? Ukisimama ukingoni mwa shimo la volkano la Menengai unayaona mabati ya Nakuru yanametameta chini yako. Mtu hafi njaa mahali anaposikia muezini na honi za matatu kwa pamoja. Na moto wa kijiwe, tafadhali, kiangazi kikiwa kimekausha nyasi za kule juu, anayewasha moto ndiye janga lenyewe.

Basi ni nini kinachoua? Ni maji. Ni usiku. Ni baridi, ambayo wengi wenu hamwiamini. Vifaa tutavipanga tukianzia hapo. Tuanze na kinachoua, ndipo twende dukani.

Nianze na maji, na hapa nitakaa sana.

Vijana, mkishuka lile korongo la Ol Njorowa kule kwenye mbuga ya Hell's Gate, huwa mnaangalia nini? Mnaangalia mawingu yaliyo juu ya vichwa vyenu. Mbingu ikiwa buluu, mnashuka mkiimba. Sasa sikilizeni. Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa lilikuwa ndani ya korongo lile maji yalipokuja, na watu 7 wakafa. Septemba 2019, maji yakaja tena, na watu 7 wakafa. Korongo lile lile, idadi ile ile, miaka saba baadaye. Hawakuwa wajinga. Walikuwa watu kama nyinyi, wameamka mapema, wamelipa kiingilio, wamebeba mikate.

Korongo ni mfereji. Mvua inanyesha mbali, juu, mahali usipopaona. Maji yanateremka kutoka kila upande, yanabanwa na kuta zile nyembamba, na yakifika kwako hayaji kidogo kidogo yakakulowesha viatu kwanza. Yanakuja yamesimama, yamebeba magogo na mawe. Kwa hiyo kabla ya kushuka, usiulize kama kunanyesha hapa. Muulize mwelekezi kama jana usiku au asubuhi kumenyesha huko juu. Akisita kukujibu, rudini mkaangalie pundamilia. Hakuna ubaya wowote kuangalia pundamilia.

Mkiwa tayari mmo ndani, zipo dalili. Kijito kilichokuwa safi kinageuka rangi ya chai ya maziwa. Vijiti na majani vinaanza kupita vikielea. Unasikia mngurumo kama lori linalopanda mlima, na hakuna barabara karibu. Ukiona moja tu, usimalize kupiga picha. Panda. Panda ukutani mahali palipo karibu nawe, wala usikimbie kufuata mkondo kwenda chini, kwa sababu maji yatakushinda mbio. Mkoba ukikuchelewesha, utupe. Simu inanunuliwa.

Na hili la maji si la watembeaji peke yao. Wangapi hapa wamewahi kuwa ndani ya gari, mto umepita juu ya barabara, dereva anasema, "Tulieni, tunavuka tu"? Inueni mikono. Mnaona? Karibu ukumbi mzima. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na wenzao waliokuwa wakienda harusini liliingia Mto Enziu, kule Mwingi, mto ukiwa umefurika juu ya daraja. Zaidi ya watu 30 walikufa. Watu walikuwa kando ya mto wakitazama, wengine wakirekodi kwa simu.

Kumbukeni vipimo hivi. Maji yanayokwenda kasi, ya kina cha sentimita 15, hayajafika hata katikati ya ugoko, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 yanasukuma gari dogo. Yakifika 60, magari mengi yanaelea na kuondoka nayo. Na chini ya maji ya matope huwezi kujua kama lami bado ipo au imekwisha kubebwa. Sasa, nyinyi ni abiria na mmelipa nauli. Mna haki ya kusema, "Dere, nishukishe hapa." Semeni kwa sauti. Mtu mmoja akisema, utaona watano wengine walikuwa wakingoja mtu wa kwanza. Mtachelewa harusi, ndiyo. Mtakuta pilau imebaki ukoko.

Kifaa gani cha dukani kinashinda maji hayo? Hakuna. Kwa wale wa upande wa Kisumu na Homa Bay wanaopanda mashua, kipo kimoja, nacho ni jaketi la kuokolea, likiwa limevaliwa na kufungwa kamba zote. Lile lililokaliwa kama mto wa kiti halimwokoi mtu. Kwa sisi wa huku bondeni, kifaa ni miguu na mahali pa juu. Kila mmoja hapa anapaswa kujua mahali pa juu pa mtaa wake. Mama, wewe unapajua? Unapajua kwa mchana au unapajua kwa usiku?

Naam, usiku. Bwawa la Solai, hapa hapa kaunti yetu, lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yalikuja kabla ya mapambazuko. Kule maji ya mvua yalikuwa yamezibwa chini ya tuta la reli, mtaro umejaa takataka na magogo, yakajikusanya mpaka tuta likashindwa. Watu walikuwa vitandani. Watoto walikuwa na sare za shule zimeanikwa.

Nawauliza wazazi sasa, si vijana. Ukiamshwa saa tisa usiku na kelele za majirani, stima imepotea, maji yako kizingitini, mkono wako unafika wapi? Tochi iko wapi? Viatu viko wapi? Na hili ndilo linaloniuma zaidi: ufunguo wa kufuli la grili uko wapi?

Sisi watu wa mjini tumejifungia kwa ajili ya wezi. Madirisha yana vyuma, mlango una grili, grili ina kufuli, kufuli lina ufunguo, na ufunguo uko kwenye mfuko wa suruali ya baba, na suruali iko wapi, hakuna anayejua. Nyumba ile ile inayomzuia mwizi kuingia inakuzuia wewe kutoka, ukija moto au yakija maji. Leo jioni pigilia msumari karibu na mlango, mahali mkono wa mwizi hautafika kutoka nje lakini mkono wa mtoto wa miaka minane utafika kutoka ndani. Ufunguo unaning'inia hapo kila usiku. Halafu mwambie mtoto afungue, taa zikiwa zimezimwa. Usimwambie kwa mdomo tu, afungue wewe ukimtazama. Kufuli zetu zina kutu, na mtoto huenda asiziweze. Paka mafuta.

Viatu viwe chini ya kitanda, na viwe vya kufunga, si slipa. Mafuriko yakipita yanaacha mabati, misumari na chupa ndani ya matope, na mguu ukikatika hapo utahitaji sindano ya pepopunda. Tochi iwe pale pale na viatu. Ile taa ya kuvaa kichwani ni bora, maana mikono yote miwili inabaki ya kubeba mtoto. Kama ni ya betri za kununua, zitoe ziweke kando yake, la sivyo zitavuja na kuila tochi, na siku ya haja utabonyeza uone giza. Na ile simu ndogo, kabambe, mulika mwizi, msiidharau. Ina tochi, chaji inakaa siku kadhaa. Wenye simu kubwa zinazolia njaa kila jioni, mtaiheshimu siku hiyo.

Kuna mama jirani yangu, namwona pale nyuma amejificha, hataki nimtaje. Nyumbani kwake kuna ndoo ya rangi, ile ya lita nne, kifuniko chake ni cha kubana mpaka ukifungue kwa mpini wa kijiko. Ameisafisha, na ipo nyuma ya mlango. Nilimwomba anionyeshe ndani. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala za vitambulisho, kadi za kliniki, hati ya kiploti chake, vyote ndani ya mfuko mgumu wa plastiki uliokuja na shuka. Dawa za presha za mama yake za wiki moja, na kila mwezi akienda kuchukua mpya, za ndoo ndizo zinazomezwa kwanza na mpya zinaingia ndoo. Pesa, noti za mia na za hamsini. Filimbi. Pedi. Kipande cha sabuni. Karatasi yenye namba za simu alizoziandika kwa kalamu ya wino usiofutika. Ndoo nzima unaibeba kwa mkono mmoja, haiingii maji, na ikianguka inaelea.

Hiyo ndoo haikumgharimu chochote, fundi wa rangi alikuwa anaitupa. Dukani kuna mkoba mwekundu wa dharura wa maelfu ya shilingi, umejaa vitu vya kuvulia samaki. Kati ya hivyo viwili, mimi nachukua ndoo.

Mtaniuliza, pesa taslimu za nini na M-Pesa ipo? M-Pesa inataka simu yenye chaji na mtandao. Usiku wa mafuriko huenda usiwe na kimoja kati ya hivyo viwili. Na namba kwa nini ziandikwe? Nani hapa anaijua namba ya mume wake kwa kichwa? Kimya! Namba za kuandika juu kabisa ni 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo haitozwi. Mtandao ukiwa dhaifu, simu ya sauti ikikataa, tuma ujumbe mfupi. Unaweza kupenya pale sauti isipopenya. Andika mko wapi, mko wangapi, nani ameumia. "Tusaidieni" peke yake haimwambii mtu pa kwenda.

Baridi sasa. Najua mnatabasamu.

Mlima wa volkano wa Longonot una urefu wa mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, na kuzunguka ukingo wa shimo ni zaidi ya kilomita 7 ambazo hazina pa kujificha upepo. Tulikuwa huko mwezi wa saba na kundi kubwa. Asubuhi jua lilikuwa zuri, kila mtu na fulana. Tukiwa upande wa pili wa ukingo, mahali ambapo kurudi na kuendelea ni mamoja, mvua ikaja na upepo. Kulikuwa na kijana mwenye nguvu, mcheza raga, amevaa suruali ya jinzi na sweta ya pamba yenye kofia. Ndani ya nusu saa alikuwa ametota mpaka kwenye mfupa. Kwanza akatetemeka, na wenzake wakamcheka. Halafu akaanza kubaki nyuma. Halafu akajikwaa mahali ambapo hakuna jiwe. Nilimpa peremende, na nikamwona anaigeuza geuza vidoleni, hawezi kuifungua karatasi yake. Nikamuuliza jina la shule yake, akajibu kama mlevi.

Hiyo ndiyo baridi inayoua, na haihitaji barafu. Inahitaji nguo zilizolowa, upepo, na mtu aliyechoka. Pamba ikilowa haikupi joto tena, inakunyonya lile ulilo nalo. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote. Tulimkalisha nyuma ya jiwe, tukamvua vya juu vilivyolowa, tukamvalisha sweta kavu za wenzake wawili, tukamkalisha juu ya mikoba asiguse ardhi, tukamfunika kwa turubai la plastiki sisi watatu tukiwa ndani pamoja naye. Chai ya chupa yenye sukari nyingi, kidogo kidogo, kwa kuwa alikuwa na fahamu na aliweza kumeza. Hatukumsugua mikono na miguu, na yule aliyetaka kumpa kitu chenye nguvu zaidi ya chai tulimnyang'anya chupa. Pombe inakufanya uhisi joto huku joto lenyewe likitoroka.

Kwa hiyo nendeni sokoni, kwenye mitumba. Tafuteni sweta ya sufu, au zile za nyuzi za plastiki zenye manyoya laini ndani. Hizo hata zikilowa bado zinasaidia, na ukizikamua zinakauka haraka. Funga moja ndani ya kitu kisichopitisha maji na usiivae mpaka uihitaji. Juu yake koti la mvua, na kama huna, kipande cha turubai cha mita mbili kwa mbili kinatosha kuwa koti, hema na mkeka. Ukiniuliza nichukue kifaa kimoja tu kwenda mlimani, nitachukua turubai, na bangili ya dira nikuachie wewe.

Menengai ni kinyume chake, na hapa nitapita haraka. Sakafu ya lile shimo iko chini ya ukingo kwa karibu mita 485, ni mawe ya lava na vichaka, wala msitegemee kukuta kijito huko. Unashuka asubuhi mwepesi, unapanda saa nane jua likikuchoma kisogo, maji yameisha. Beba lita tatu, na hifadhi moja ya kupandia. Kwenye mbuga za taifa, chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku tangu Juni 2020, kwa hiyo nunua chupa ya kudumu, utaitumia na nyumbani.

Radi: ukiona umeme kisha ngurumo ikaja kabla hujahesabu 30, ondoka ukingoni na ondoka chini ya mti. Ingia ndani ya jengo au gari lenye bodi ya chuma, ukae humo mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Nyoka: usikate, usinyonye, usifunge kamba. Mguu utulizwe, mtu abebwe hospitali. Na lile jiwe jeusi linalouzwa sokoni eti linavuta sumu, najua wazee mnaliamini na ninawaheshimu, lakini bafe akishauma, jiwe hilo linakula muda tu. Pikipiki ndiyo dawa ya kwanza.

Mafuriko yakishapita, kinachofuata ni tumbo. Maji ya kisima yamechanganyika na vyoo. Chemsha, au tia dawa ya klorini kama karatasi yake inavyoelekeza. Usipokuwa na kuni wala dawa, jaza maji yaliyo angavu katika chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zilaze juani saa 6, na kukiwa na mawingu mengi, siku 2. Mtoto akiharisha, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja. Kikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Mpe kidogo kidogo huku mkielekea kliniki.

Nimebakisha jambo moja. Tumepanga ndoo, tochi, viatu. Shosho atatokaje?

Siulizi kwa kupamba hotuba. Nauliza mtaa kwa mtaa. Kuna nyumba nazijua ambamo mchana anabaki bibi asiyetembea na mtoto wa miaka mitatu. Kuna jirani yetu mwenye kiti cha magurudumu ambaye njia ya kwenda barabarani ina mtaro usio na daraja. Kuna ndugu asiyesikia, na filimbi yako haitamwamsha hata ukipuliza mpaka mashavu yapasuke. Kila mmoja wa hao anahitaji watu wawili waliotajwa kwa majina, wanaojua kwamba ni jukumu lao, na wa tatu kama mmoja amesafiri. Kumbeba mtu mzima ni kazi ya kujifunza. Blanketi na fito mbili imara zinatengeneza machela, lakini mikono minne ambayo haijawahi kubeba itamwangusha.

Kwa hiyo tumekubaliana na wazee wa nyumba kumi. Ijumaa ijayo, saa mbili usiku, tutazima taa majumbani kwa hiari na kutembea kutoka kila nyumba mpaka uwanja wa shule, ambao uko juu kuliko mtaa wote. Njooni na tochi zenu, viatu vya kufunga, ndoo zenu. Filimbi tatu ndiyo ishara ya kuanza. Vijana wa raga, nyinyi mtakuwa kwenye machela, na shosho mmoja tayari amejitolea kubebwa, ameniambia nisisahau kuwataarifu kwamba ana kilo tisini. Anayetaka kuandikwa kwenye orodha ya wabebaji aje hapa mbele sasa, kalamu iko mezani, kisha chai.